Jumamosi za Bwana Turudie

Jumamosi, 6 Machi

Leo tumeanza, na mvua nayo imeanza, utadhani tuliambizana.

Nieleze tangu mwanzo, kwa sababu mama anasema nina tabia ya kuanzia hadithi katikati. Hospitali yetu ina seva kongwe iliyowekwa chumba cha chini, nyuma ya duka la dawa. Ndani yake mna hifadhidata ya kila mgonjwa aliyepita hapa kwa miaka kumi na miwili: majina, vipimo, chanjo, nani alijifungua lini na mtoto alikuwa na kilo ngapi. Kila mtu anaiita Bibi. Ghorofa ya pili wameleta mpya, nyembamba, haina hata kelele ya feni, nayo imeshapewa jina la Mjukuu. Kazi yangu ni kumchukua Bibi mzima mzima na kumnakili kwa Mjukuu, kisha Bibi azimwe apumzike.

Ungefikiri ni kazi ya siku moja. Si ya siku moja. Unanakili, unahesabu, unalinganisha. Zisipolingana, unafuta kila kilichoko kwa Mjukuu na kuanza upya. Na kwa kuwa Bibi anaendelea kupokea wagonjwa wiki nzima, ikifika Jumamosi nyingine nakala ya juzi imeshachacha, unairudia yote.

Siku ya kunipa mkataba wa muda, mwezi wa Desemba, kabla Mjukuu hajafika, Katibu wa hospitali aliniambia, "Wewe maliza hii kazi haraka, tutakufikiria kwenye ajira ya kudumu." Maneno hayo nayatembeza kichwani kama sala. Nimechoka na vibarua vya miezi mitatu mitatu, mji huu leo, mji ule kesho, mama yangu akifunga vyombo kwenye masanduku, binti yangu akibadilisha shule kama nguo. Ana miaka sita na hii ni shule yake ya tatu. Nataka tukae.

Mwenzangu kazini ni fundi mkongwe aliyemjenga Bibi kwa mikono yake. Ana sheria moja isiyovunjwa. Kabla ya kubonyeza kitufe lazima tuwe wawili na tuulizane kwa sauti, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Kutoka wapi?"

"Kwa Bibi."

"Kwenda wapi?"

"Kwa Mjukuu."

"Na kwa Mjukuu kuna kitu cha kulilia?"

Hilo la tatu halijibiwi kutoka kichwani. Lazima upige simu wodi zote, moja baada ya nyingine, uulize kama kuna mtu ameweka kwa Mjukuu kitu cha kweli. Maana katikati ya wiki wauguzi wanaruhusiwa kujifunzia huko, wanaandika wagonjwa wa uongo. Wodi ya watoto wamemlaza simba mwenye mafua. Wodi ya wanaume wamemlaza Katibu, ugonjwa wake wakaandika "ubahili".

"Hakuna cha kulilia," nikasema baada ya simu zote. Tukabonyeza. Jioni akakaa kwenye kompyuta yake, akalinganisha, akavua miwani.

"Wamepungua wawili. Turudie."

"Watu wawili tu, mzee? Kati ya laki na zaidi?"

"Wawili ni watu," akasema, akaanza kukusanya vikombe vya chai.

Jumamosi, 13 Machi

Wawili. Turudie.

Jumanne, 16 Machi

Mvua. Binti amerudi na kiatu kimoja. Kingine anasema kimekwenda na maji, na anasema kwa fahari kabisa, kama mtu aliyemsindikiza mgeni kituoni.

Jumamosi, 20 Machi

Wawili tena. Nimemuuliza ni akina nani hao. "Tutawajua," akasema, akageuza kioo cha kompyuta yake upande wa ukutani ili mwanga usimuumize macho. Mwanga gani na mawingu haya?

Kuanzia leo humu anaitwa Bwana Turudie. Nimemwambia mama jina hilo, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 28 Machi

Jana wawili. Sikuandika kwa hasira.

Lakini kusema kweli Jumamosi zenyewe si mbaya. Nakala inachukua saa nyingi na hakuna cha kufanya ila kuangalia mstari wa kijani ukitambaa kwenye kioo. Tunakunywa chai. Mvua inapiga bati la kibanda cha jenereta. Bwana Turudie ananisimulia jinsi Bibi alivyokuwa akizima kila ikifika saa sita mchana, wiki nzima, mpaka wakagundua mpishi anachomoa waya wake ili achomeke birika. Hata mimi nilicheka. Kisha anapigiwa simu na mkewe, anatoka nje kuongea, anarudi amenywea.

"Anauliza nitarudi lini," anasema.

"Na umemjibuje?"

"Nimemwambia bado kidogo."

Bado kidogo! Huyo ndiye mtu wangu.

Jumatano, 31 Machi

Katibu kanikuta kwenye ngazi. "Mmefika wapi?" Nikasema tunakaribia. Akaniangalia kwa jicho lile la mtu anayehesabu sabuni. "Karibieni haraka," akasema.

Jumamosi, 3 Aprili

Wawili. Binti leo alikuwa na mchezo wa ngoma shuleni na nimeukosa. Amenionyesha nyumbani peke yake, sehemu za watoto wote, hata za walioanguka.

Jumamosi, 10 Aprili

Sasa nimejua.

Bwana Turudie alitoka kuongea na mkewe kwenye simu akaacha kompyuta yake wazi. Sikuwa na haya, nikaenda nikaangalia. Wapo wawili kweli, mzee mmoja na mama mmoja, wote waliandikishwa zamani sana na karani mmoja. Na wote wawili wamezaliwa tarehe 30 Februari.

Tarehe 30 Februari! Siku ambayo haijawahi kumzaa mtu. Bibi ni wa zamani, unampa lolote anameza. Mjukuu anakataa. Basi kila Jumamosi Mjukuu anawakataa wale wale wawili, na kila Jumamosi tunafuta watu laki na zaidi na kuwanakili upya, kwa kosa ambalo lingerekebishwa chai haijapoa. Na yeye alijua. Faili la matokeo ya Machi 6 limekaa pale pale, na majina yale yale.

Nikarudi kwenye kiti changu kabla hajaingia. Akakaa, akavaa miwani, akajifanya kusoma.

"Wamepungua wawili," akasema. "Turudie."

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza kwa nini mtu afanye hivyo, na jibu likaja lenyewe. Bibi akizimwa, yeye naye hana tena cha kufanya hapa. Mashine yake ikifa na kiti chake kimekufa. Kwa hiyo anavuta siku, na anazivuta kwa kunikalia mimi. Mama amenikuta nimeshika tama jikoni.

"Nani kakukosea?"

"Mtu mzima mmoja."

"Basi kula kwanza. Mtu mzima hatakimbia."

Jumamosi, 17 Aprili

Wawili, bila shaka. Nimeongea naye maneno kama manne siku nzima. Amenimenyea chungwa, nikaliacha mezani.

Jumatano, 21 Aprili

Maji yameingia chumba cha chini. Mfereji wa nyuma ya duka la dawa uliziba na majani, na kufika jioni maji yakawa yanapita chini ya mlango. Bwana Turudie alishampandisha Bibi juu ya meza ya chuma tangu mvua za kwanza, kwa hiyo hakulowa, lakini waya za ukutani zilikuwa hatarini. Tukamzima. Wodi zote wakaambiwa waandike kwenye karatasi mpaka tukaushe.

Alhamisi, 22 Aprili

Tumechota maji kwa ndoo asubuhi nzima, mimi, yeye, na mpishi. Mchana Bibi kawashwa, kaamka vizuri kabisa. Mpishi kampigia saluti.

Jumamosi, 24 Aprili

Nitaandika yote.

Asubuhi Bwana Turudie kapiga simu. Bati la nyumbani kwake limeng'olewa na upepo, mkewe yuko na ndoo chumbani. "Nisubiri, nitafika saa nane. Usiguse kitu." Nikasema sawa.

Sikusubiri. Nilikuwa nimeshapanga. Niliingia kwa Bibi, nikamtafuta yule mzee na yule mama, nikawabadilishia siku ya kuzaliwa, nikawapa 28 Februari wote wawili. Kisha nikakaa mbele ya kitufe. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza kutoka wapi. Nikajiambia mimi si mtoto, najua kutoka wapi na kwenda wapi. Simu za wodi sikupiga. Wiki saba mfululizo nimeuliza swali lile na wiki saba nimejibiwa hakuna, zaidi ya yule simba.

Nikabonyeza.

Ilipoisha nikalinganisha. Zimelingana! Hakupungua hata mtu mmoja. Niliruka juu peke yangu mle chumbani kama mwendawazimu. Nikaanza kutunga maneno ya kumwambia Katibu Jumatatu.

Ndipo simu ikalia. Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Binti, watoto wangu wako wapi?"

"Watoto gani, mama?"

"Wa Jumatano usiku na Alhamisi asubuhi. Nawatafuta hapa kwenye mashine siwaoni."

"Si mliandika kwenye karatasi?"

"Karatasi za nini? Bibi mlimzima, lakini Mjukuu alikuwa anawaka. Tukaandika kwa Mjukuu. Tisa. Tena tuliandika vizuri, na uzito na saa, si kama yule simba wa watu."

Mashine haikukosea hata kidogo. Niliiambia ifute yote yaliyoko kwa Mjukuu na kuweka ya Bibi, na imefanya hivyo hivyo. Watoto tisa waliozaliwa Bibi akiwa amezimwa hawakuwa popote duniani ila kwa Mjukuu, na mimi nimewafuta kwa kidole kimoja.

Bwana Turudie alifika saa nane kamili, suruali imeloa mpaka magotini. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia na ya 30 Februari pia, kwamba nimejua, na kwamba nimewarekebisha. Nilitaka anigombeze ili na mimi nipate pa kusemea yangu. Hakunigombeza. Alikaa chini, akakunja ncha za suruali yake taratibu.

"Umewapa tarehe gani?"

"Ishirini na nane."

"Uliwauliza?"

"Hapana."

"Basi warudishe walivyokuwa. Mtu hapewi siku ya kuzaliwa na fundi." Kisha akanyanyuka. "Haya. Kwanza wale tisa. Wangapi wako bado wodini?"

Wanne walikuwa bado wodini. Mkunga mkuu alisimama katikati ya vitanda, mikono kiunoni, akatutangazia kwa wodi nzima, "Hawa ndio waliofuta watoto!" Kina mama wakacheka, mmoja akamkumbatia mwanawe kifuani kana kwamba tumekuja kummalizia. Kila mtoto bado alikuwa na utepe wake mkononi wenye jina la mama, saa na uzito. Tukaandika upya. Usiku huu wamebaki watano waliokwisha kwenda makwao, na mimi nimebaki na kazi ambayo labda Jumatatu sitakuwa nayo. Binti amelala na mguu wake juu ya tumbo langu. Sijui nitamwambiaje kuhusu shule ya nne.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua kutwa. Bwana Turudie kanikuta getini kwangu asubuhi na mabuti ya mpira, jozi mbili, moja ya mkewe. "Amesema uyarudishe yakiwa safi."

Kina mama wote watano walikuwa na namba za simu kwa Bibi, tangu siku za kliniki. Watatu walipokea, wakatusomea utepe kwenye simu. Mmoja utepe umeshatupwa lakini uzito anaukumbuka mpaka gramu, na baba mtoto nyuma anasikika akisema ongeza kidogo.

Wawili hawakupatikana, tukaenda kwa miguu. Nyumba ya kwanza ilikuwa juu ya duka la fundi cherehani, tukapanda ngazi za nje tukichuruzika. Ya pili ilikuwa mwisho wa barabara ya matope, na mlangoni tukapokewa na mama mkwe.

"Shikamoo, mama. Tumetoka hospitali. Kuna taarifa za mtoto zimepotea."

"Marahaba. Zimepotea zimekwenda wapi?"

"Mashine imezifuta."

"Nani kaiambia mashine izifute?"

Nikafungua mdomo. Bwana Turudie akanitangulia. "Sisi, mama. Sisi wawili."

Mama mkwe akatuangalia mabuti mpaka kichwani. "Mtoto mwenyewe hajapotea, yumo humu ananyonya. Ingieni, mnalowesha kizingiti." Akatukalisha, akatupa taulo moja tugawane, na mtoto akaletwa apimwe na macho yetu. Utepe ulikuwa umefungwa kwenye kitanda. Kilo tatu na gramu mia mbili, saa kumi na dakika tano alfajiri, msichana. Nililia kidogo, nikasingizia mvua.

Tukiwa njiani nikamuuliza, "Kwa nini umesema sisi wawili? Wewe hukuwepo."

"Ndiyo kosa lenyewe," akasema. "Kazi ya wawili ilifanywa na mmoja. Basi mmoja hakuwepo."

Watoto tisa wamo kwa Bibi sasa, wote.

Jumatatu, 26 Aprili

Katibu alisikia kabla sijafika. Ameniita na Bwana Turudie akaingia nyuma yangu bila kuitwa, akakaa.

Nilisema ukweli wote. Katibu akagonga kalamu mezani. "Watoto tisa! Na mimi nilisema haraka, sikusema hivi." Akamgeukia mwenzangu. "Kwa hiyo kazi haijaisha?"

"Haijaisha hata kidogo," akajibu Bwana Turudie, na naapa sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa habari njema.

Nimepewa onyo kali. Sijafukuzwa. Bado yamo mawili moyoni mwangu, shukrani na kinyongo, yanasukumana. Kanisaidia, ndiyo. Lakini kiti chake nacho kimepata wiki zaidi.

Jumamosi, 1 Mei

Wawili. Simu za wodi nimepiga zote, mbili mbili.

Jumamosi, 8 Mei

Wawili. Kanimenyea chungwa. Nimelila.

Alhamisi, 13 Mei

Mkunga mkuu kaniita nimfundishe kumtumia Mjukuu vizuri, yeye na wenzake wa zamu. Nimekaa wodini mpaka jioni. Sasa kila wakiandika kitu cha kweli wananipigia simu bila kuulizwa. "Binti, kuna cha kulilia huku!" Naenda mbio, nakuta wameandika mgonjwa wa majaribio. Wanacheka mpaka wanashikana. Nami nacheka. Kwa kweli nimeanza kuipenda hospitali hii vibaya sana, na ndiyo maana naogopa.

Jumamosi, 15 Mei

Wawili. Mvua zinapungua.

Jumamosi, 22 Mei

Bwana Turudie ana homa, hakuja. Sikugusa kitu. Nilikaa na Bibi nikasikiliza feni zake, nikafunga, nikaenda kucheza na binti mchana mzima. Aliniambia, "Leo ni Jumamosi kweli?"

Jumapili, 23 Mei

Nimempelekea mgonjwa machungwa na mabuti ya mkewe, nimeyasugua mpaka yanang'aa. Alikuwa amelala. Mkewe akanikaribisha kibarazani, mama mwembamba, mwepesi wa maneno, akayakagua mabuti kwanza.

"Yamekuwa masafi kuliko nilivyoyanunua. Kaa. Nikuulize, mwanangu, na usinifiche. Hiyo kazi yenu inaisha lini?"

"Bado kidogo, mama."

"Na wewe bado kidogo! Mimi nimeolewa na bado kidogo tangu Machi. Mtu amestaafu mwezi wa pili, wamemuaga, wamempa saa ya ukutani, hii hapa, haitembei. Nikasema sasa nimepata mume. Jumamosi ya kwanza tu, kavaa viatu. Unakwenda wapi? Hospitali. Kufanya nini? Kunakili. Nani anakulipa? Kimya."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Amestaafu mwezi wa pili?"

"Hakukwambia?"

"Hajaniambia kitu."

Akasogeza kiti chake. "Basi nitakwambia mimi, akiamka tugombane. Kabla yako walikuja vijana watatu kwa mikataba kama yako, kila mmoja na kazi yake. Wenye bidii wote. Kila mmoja aliambiwa maliza haraka tutakufikiria. Wakamaliza haraka. Wakaambiwa asante, kwaheri. Mwenye mkataba wa muda akipita miezi sita kazini ni lazima aajiriwe, kwa hiyo wanahakikisha hapiti. Yule wa mwisho alilia mbele ya mume wangu, mtu mzima na ndevu zake. Sasa ulipokuja wewe na mtoto wako, akarudi nyumbani akaniambia, huyu ana kasi, atamaliza wiki mbili. Nikamwambia, mwambie apunguze. Akasema hawezi kupunguza, hajui, na akijua atashindwa kumdanganya Katibu usoni. Akasema acha yeye mwenyewe atafute cha kumchelewesha."

"Tarehe 30 Februari," nikasema.

"Hizo sijui. Mimi najua Jumamosi zangu zimekwenda."

Sikuwa na pa kuweka uso. Wiki sita nzima nimemchukia mtu kwa kukalia kiti ambacho alishakiacha. Kila Jumamosi aliyosema turudie alikuwa ananiwekea siku saba, na mimi nikahesabu ananiibia. Nilimwomba mkewe msamaha kwa Jumamosi zake zote. Akanipiga kofi dogo gotini. "Wewe pita hiyo miezi sita, halafu unirudishie mtu wangu."

Jumamosi, 29 Mei

Amepona, amekuja. Sikumwambia ninajua. Tumeulizana maswali yetu matatu. Jioni akavua miwani.

"Wamepungua wawili," akasema, bila kunitazama.

"Wawili ni watu, mzee," nikasema. "Turudie."

Akageuka haraka, akaniangalia, nadhani akaelewa. Akaenda kuosha vikombe, na alikaa sana kwenye bomba.

Jumanne, 1 Juni

Katibu kaniita. Alikuwa amefungua kalenda mezani na uso wa mtu aliyekuta mlango umefungwa kwa nje.

"Umepita miezi sita jana."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Sikuangalia. Kila wiki naambiwa bado, naambiwa bado." Akapuliza pumzi. "Na wodi ya wazazi wamekuja hapa wote, na yule mama wao, wanasema wakikukosa watarudi kwenye karatasi. Haya, tunakuajiri. Ya kudumu. Usinifutie mtu mwingine."

Nilikimbia mpaka nyumbani mchana wa kazi. Mama alikuwa anaanika nguo, kwani leo jua limetoka. Nikamwambia, akadondosha shuka kwenye matope. Kisha akaingia ndani akalivuta lile sanduku kubwa lililokaa tayari chini ya kitanda tangu tufike, akaanza kutoa vyombo mbele yangu, kimoja kimoja, na kuvipanga kabatini.

Jumamosi, 5 Juni

Asubuhi tumewapigia simu wale wawili. Yule mama alizaliwa tarehe 20, karani alikosea tu. Yule mzee alicheka kwa muda mrefu, akasema siku yake haijui, aliyeijua alikwisha kufariki, tumwandikie yoyote ilimradi isiwe ya mvua. Bwana Turudie akamwambia lazima achague mwenyewe. Mzee akafikiri, akachagua leo.

Nikapiga simu wodi zote. Nikauliza, nikajibiwa. Tukabonyeza. Mstari wa kijani ukatambaa mpaka mwisho kama Jumamosi zote, na safari hii alinisogezea kompyuta yake nilinganishe mimi.

Hakupungua mtu. Nilihesabu tena. Hakupungua mtu.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta, na ninakiri hapa, nilitaka kusema wamepungua wawili. Wiki moja tu zaidi, chai moja zaidi. Yeye alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, anangoja nitakachosema. Nikakumbuka Jumamosi za mkewe.

"Zimelingana," nikasema. "Kazi imeisha, mzee."

Alitikisa kichwa kukubali. Tukashuka chumba cha chini, akamzima Bibi mwenyewe. Feni zilizunguka kidogo kidogo zikasimama, na ndipo nikagundua chumba kile sijawahi kukisikia kimya.

"Mzee, nimejua yote," nikasema. "Mkeo kaniambia. Nashukuru. Mimi na mama yangu na mwanangu, tunakushukuru."

"Mdomo wa yule mama," akasema, akipangusa macho kwa kitambaa cha kufutia mashine. "Wewe ungemaliza wiki mbili. Nilikuwa naona aibu kila Jumamosi, mtu hodari vile, namrudisha nyuma kama punda."

Tukatoka nje. Jua lilikuwa kali na barabara imekauka kabisa. Mkewe alikuwa amesimama getini, amevaa kama mtu anayekwenda harusini, mkoba mkononi.

"Nimekuja kuhakikisha," akaniambia. "Imeisha kweli, au ni bado kidogo?"

"Imeisha, mama. Nimemrudisha. Samahani nimekaa naye sana."

Alimshika mumewe mkono, mbele ya mlinzi na watu wote. Yeye akawa kama mwanafunzi aliyeruhusiwa kutoka shuleni mapema, hajui aanze na mguu upi. Niliwatazama mpaka walipopinda kona, halafu nikapanda ghorofa ya pili kwa Mjukuu, kwa sababu wodi ya wazazi walikuwa wananipigia simu.